Nyumba mpakani Chepilat: Mambo ya kuchunguza kabla ya kununua

ANAYETAKA kununua nyumba ya familia Chepilat ana swali ambalo mnunuzi wa Kericho mjini hana haja ya kujiuliza: ploti hii iko upande gani wa mpaka? Kituo hicho cha biashara, kilicho kwenye barabara ya Kisii kuelekea Sotik, kiko mpakani mwa Kaunti za Nyamira na Bomet. Kabla ya 2013, mpaka huo ulitenganisha mikoa ya Nyanza na Bonde la Ufa.

Hilo si suala la ramani tu. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti zahanati, maji, masoko, uzoaji taka na shule za chekechea. Polisi, shule za msingi na za upili pamoja na barabara kuu zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Hivyo, majirani wanaosalimiana kila asubuhi huweza kuwa na magavana wawili wa kulalamikia mfereji ukikauka, na wabunge wawili, mmoja wa Borabu na mwingine wa Sotik. (Mgonjwa akizidiwa usiku, bila shaka, hakuna anayeuliza zahanati iliyo karibu ni ya kaunti gani.)

Usalama nao hauwezi kurukwa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba na maduka yaliteketezwa Chepilat, na familia za Abagusii na Wakipsigis zikahama makwao. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara huanza kwa kuzungumza na wazee wa pande zote mbili na chifu wa eneo, kisha ndipo aulize bei. Wakala hatamweleza ni nani aliyekuwa akiishi hapo awali, na kwa nini aliondoka.

Ploti nyingi za vituo kama hiki zimemegwa kutoka mashamba. Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, sheria hutaka mauzo yaidhinishwe na Bodi ya Usimamizi wa Ardhi ya eneo husika, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila kibali hicho mauzo ni batili, hata kama pesa zote zimelipwa na chai imenywewa. Aidha, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu makao ya wanandoa kuuzwa bila idhini ya mwenzi. Kwa maoni yetu, muuzaji anayesema "mama watoto hana neno" hajatoa jibu. Mama huyo na atie sahihi mwenyewe. Uchunguzi ufanywe katika sajili ya ardhi ya upande husika, na mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka.

Kuhusu maji, mbingu za nchi ya majani chai si bahili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huteremsha takriban lita 1,000, ukiondoa zinazomwagika. Tangi la lita 5,000 lenye mifereji mizuri ya bati linaweza basi kujazwa na siku chache za mvua kubwa. Kama kuna kisima, hakikisha choo cha shimo kiko mbali nacho, yapata mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Chunguza pia choo cha jirani, hata kama kiko kaunti nyingine.