Taa ya Kibodi Inapozimika
Ndugu Katibu, taa ya Num Lock ikifa, ukibonyeza 8 huenda kishale kikapanda mstari wa juu, na kilo za mkulima mmoja zikaangukia jina la mwingine. Kibodi ya swichi za kimakanika hudumu miaka mingi. Haifai kuitupa kwa sababu ya taa. Ichomoe kwenye kompyuta, uifungue, kisha uyeyushe risasi ya taa mbovu pasipo kukawia, maana joto likizidi hubandua njia ya shaba. Mguu mrefu wa taa mpya ni chanya. Ukipachikwa kinyume, taa haiwaki. Nyekundu hutaka volti 2 hivi, buluu 3: nunua ya rangi ile ile. Kazi apewe fundi redio, si mlinzi mwenye bisibisi.