Nani Aliyeuona, na Lini? Kutafuta Ushahidi wa Chumba cha Rubani

Kwa muda wa miezi mitatu meza yetu ya chakula imegeuka karakana. Mjomba wa binti yetu, aliporejea likizo kutoka Dubai, alimletea sanduku la vipande vya plastiki vya kuunda ndege ya mfano: Spitfire ya Uingereza, ya aina ya 9, iliyoanza kutumika vitani mwaka 1942. Kipimo chake ni 1 kwa 24. Ndege halisi ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Hii ya kwetu ina sentimita 47 hivi. Kwa ukubwa huo chumba cha rubani si tundu jeusi tena. Kiti, mikanda, nyenzo na saa za vipimo, vyote vyaonekana, na kila kinachoonekana chahitaji kuwa sahihi.

Sisi wazazi tulidhani kazi hii ni ya gundi na rangi tu. Kumbe nusu yake ni kazi ya kutafuta ushahidi.

Tulilijua hilo kwa kosa. Upande wa kushoto wa Spitfire pana mlango mdogo wa rubani, na ndani ya mlango huo hufungwa mtaimbo mfupi wa kuvunjia mfuniko wa kioo endapo utakwama. Binti yetu aliupaka mtaimbo rangi nyekundu iliyokoza, akaridhika nao. Nyanya yake, ambaye hajui lolote la ndege, alikuwa ameketi kando akishona. Akauliza, "Nani aliyeuona hivyo, na lini?" Ndilo swali analomwuliza kila aletaye habari za mtaa nyumbani kwetu.

Tukairudia ile picha aliyoifuata. Ilikuwa picha nzuri, yenye rangi kamili, lakini ya ndege iliyofufuliwa na inayorushwa katika zama zetu hizi. Mafundi wa leo huupaka mtaimbo rangi nyekundu ili uonekane upesi. Tulipozitazama picha za wakati wa vita, mtaimbo haukujitenga na mlango. Ulikuwa na wekundu wa kubuniwa na macho yetu tu. Picha ile haikusema uongo. Ilisema kweli ya mwaka mwingine.

Tangu siku hiyo binti yetu ana daftari lenye safu tatu: kitu chenyewe, aliyekishuhudia, na mwaka wa ushahidi. Tungependa kuwaeleza wazazi wenzetu tuliyojifunza kutokana na daftari hilo, kwani yawafaa hata wasiokuwa na ndege mezani.

Shahidi wa kwanza ni kitabu cha rubani. Wizara ya Anga ya Uingereza ilitoa kijitabu kwa kila aina ya ndege, chenye picha za chumba cha rubani na namba kwenye kila kifaa. Humo mtu huona mahali pa kila kitu: saa sita kuu katikati ya dashibodi, safu ya juu ikiwa ya mwendo, ya upeo wa macho na ya kupanda au kushuka, safu ya chini ikiwa ya kimo, ya mwelekeo na ya kugeuka. Lakini kijitabu hicho kilikusudiwa kumfunza rubani kurusha ndege, wala hakikumshughulikia mpaka rangi.

Shahidi wa pili ni picha za zamani. Hizi zina thamani kubwa, ila zina hila zake. Baadhi ya filamu za zama zile hazikuiona rangi nyekundu, hivyo ikatoka nyeusi, na manjano ikatoka imefifia kuwa kijivu cha giza. Anayeitafuta rangi katika picha isiyo na rangi hana budi kwanza kujua tabia ya filamu.

Shahidi wa tatu ni ndege yenyewe katika makumbusho. Jeshi la Anga la Kifalme lina makumbusho yake Uingereza, na Smithsonian ya Washington nayo imehifadhi Spitfire, lakini hiyo ni ya aina ya 7. Hapo pana mtego. Zaidi ya Spitfire 20,000 ziliundwa, na tangu ya kwanza kuruka tarehe 5 Machi 1936 hazikuacha kubadilishwa. Rubani wa zile za mwanzo alipandisha magurudumu kwa kupiga pampu ya mkono. Baadaye injini ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ushahidi wa ndege moja haumlazimu dada yake.

Shahidi wa nne, aliyetugusa zaidi, ni mtu aliyeketi ndani. Katika vita vile palikuwa na kikosi cha raia wa Uingereza cha kusafirisha ndege kutoka viwandani hadi vituoni. Wanawake wanane wa kwanza walijiunga nacho Januari 1940, na hatimaye wakazidi 160. Walirusha ndege za aina nyingi, bila kuzungumza na yeyote kwa redio, na pengine aina ambayo hawajapata kuiketia. Msaada wao ulikuwa kijitabu kidogo cha kadi zilizofungwa pamoja, chenye mambo ya lazima kwa kila ndege. Mwaka 1943 wakaanza kulipwa sawa na wanaume.

Binti yetu alipowasoma hao, wenzo mmoja ukapata maana. Katika Spitfire, wenzo wa magurudumu uko kulia, na ule wa nguvu za injini uko kushoto. Punde tu baada ya kuruka, rubani hana budi kuushika usukani kwa mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru kupandisha magurudumu, na yote hayo ndege ikiwa bado karibu na ardhi. "Kwa hiyo nikiubandika kushoto," akasema, "nimemdanganya aliyeutafuta kulia."

Wiki iliyopita ilifika siku ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili. Gundi ikishika, sehemu kubwa ya kazi ya ndani haitaonekana tena. Tulimwambia kwamba, mfuniko ukifungwa, ni wachache watakaougundua mtaimbo. Akatujibu kwa adabu kwamba yeye ameshaugundua. Akaukwangua wekundu kwa ncha ya sindano aliyoiomba kwa nyanya yake, akaupaka upya rangi ya mlango, kijivu chenye ukijani, akangoja usiku kucha ukauke.

Asubuhi alitia gundi. Daftari halikufungwa lakini. Siku hizi, habari ya kusambazwa inapoingia katika simu zetu, yeye ndiye wa kwanza kutuuliza nani aliyeiona, na lini. Mara mbili tayari tumeona haya, tukaacha kuituma.