Vipokezi vya Estrojeni na Afya ya Mishipa ya Damu: Mafunzo kwa Huduma za Wanawake wa Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi vipokezi vya estrojeni vinavyopitisha ishara ndani ya seli za mishipa ya damu, na maana ya maarifa hayo kwa huduma za wanawake katika kambi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe, Malawi. Hoja kuu ni kwamba manufaa ya estrojeni hutegemea kipokezi, hali ya ukuta wa mshipa na aina ya homoni yenyewe. Kwa hiyo, kupima shinikizo la damu mapema kuna uzito mkubwa kuliko kutegemea dawa ya homoni baada ya mshipa kuharibika.

1.0 Utangulizi

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa kuhifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Kutoka mtaa wa Area 47, Hospitali Kuu ya Kamuzu ni safari ya ndani ya jiji. Kutoka Dzaleka ni safari ya kilomita 45 hivi. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini, na umbali huo ukawa suala la watu wengi zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Malawi alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakujua. Ugonjwa huu hauna kilio. Hujulikana kwa kupimwa.

2.0 Njia Mbili za Ishara

Upande wa ndani wa mshipa umetandikwa endotheli, tabaka lenye unene wa seli moja. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba tabaka hilo likiondolewa, mshipa haulegei unapopewa asetilikolini. Kitu kinachoulegeza kilitambuliwa baadaye kuwa oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel.

Estrojeni huingia katika mfumo huu kupitia vipokezi, ambavyo ni protini zinazoitambua homoni kama kitasa kinavyoutambua ufunguo wake. Vilivyo maarufu ni alfa na beta; cha beta kiligunduliwa mwaka 1996. Njia ya kwanza ya ishara ni ya polepole: homoni hushikamana na kipokezi, kisha viwili hivyo hukaa juu ya DNA na kubadili jeni zinazosomwa. Matokeo yake huonekana baada ya saa au siku. Njia ya pili ni ya haraka: vipokezi vya alfa vilivyo karibu na utando wa seli huamsha mfululizo wa vimeng'enya, na ndani ya dakika chache kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki huchochewa. Gesi hiyo huvuka hadi kwenye misuli laini ya ukuta, misuli hulegea na mshipa hupanuka.

Umuhimu wa kipokezi ulidhihirika kwa mwanamume mmoja ambaye taarifa yake ilichapishwa mwaka 1994. Alikuwa na estrojeni nyingi katika damu, lakini kipokezi chake cha alfa hakikufanya kazi. Uchunguzi uliofuata ulikuta mishipa yake haipanuki ipasavyo, na ateri za moyo zikiwa na dalili za mapema za kukakamaa. Homoni ilikuwapo, mpokeaji wake hakuwapo.

3.0 Uzito wa Wakati

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kuwapa homoni wanawake waliokoma hedhi kungelinda mioyo yao. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake 16,608, wenye wastani wa umri wa miaka 63, lilisitishwa kabla ya muda wake: waliopewa estrojeni pamoja na projestini walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na magonjwa ya moyo. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta kwamba estradioli ilipunguza kasi ya kunenepa kwa ukuta wa ateri za shingo kwa wanawake ambao hawajapitisha miaka sita tangu kukoma hedhi, lakini si kwa waliopitisha miaka kumi. Endotheli yenye afya huitikia ishara. Iliyokwisha kuharibika huitikia kwa udhaifu.

4.0 Maana kwa Huduma

Aina ya homoni nayo ina athari. Estrojeni ya sintetiki iliyomo katika vidonge vya mchanganyiko vya uzazi wa mpango huchochea ini kutengeneza angiotensinojeni kwa wingi, na shinikizo linaweza kupanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauvipendekezi kwa kawaida kwa mwanamke mwenye shinikizo la 140/90 au zaidi. Vipandikizi na kitanzi cha shaba ni miongoni mwa mbadala.

Hapa lugha inakuwa sehemu ya tiba. Watoa huduma wengi nchini Malawi huongea Kichewa na kuandika kwa Kiingereza. Mwanamke akisema kwa Kiswahili kwamba ana presha, anaweza kumaanisha ugonjwa au wasiwasi wa maisha, na kambini wasiwasi haukosi sababu. Tafsiri pekee haiondoi utata huo, kipimo huuondoa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mambo manne yanapendekezwa: shinikizo lipimwe kabla ya kutoa vidonge vya mchanganyiko na katika kila hudhurio linalofuata, wanawake waliopata shinikizo la juu wakati wa ujauzito wafuatiliwe hata baada ya kujifungua, homoni zisitolewe kwa lengo la kuukinga moyo, na maelekezo ya Kiswahili yatumie istilahi moja kwa shinikizo la damu, tofauti na wasiwasi. Kifaa cha kupimia ni cha bei nafuu kuliko matibabu ya kiharusi, na kinaweza kuwekwa pale mwanamke anapofika kwa miguu.