Keki ya Matofaa: Mgeni Aliyepaliwa Moto wa Kwetu

Mtu aliyelelewa Mombasa, Malindi au Lamu hana haja ya kuelezwa mkate wa mayai ni kitu gani. Sauti ya mchapo ikigonga bakuli baada ya sala ya alasiri ilikuwa tangazo tosha kwa mtaa mzima kwamba nyumba fulani ina ugeni, au kwamba Idd imekaribia. Mayai hupigwa pamoja na sukari mpaka yakawa meupe na kuumuka, unga ukatiwa kidogo kidogo na iliki ya kutwanga, kisha sufuria ikapaliwa moto juu na chini. Siri yote ya mkate huo ni mayai, na mayai ndiyo yanayowashinda wengi. Mkate mmoja wa heshima hula mayai 8 hata 10, na nyumba yenye watoto na wageni haitoshi kwa mkate mmoja. Wako akina mama wanaoona haya kupokea mgeni wa Idd kwa chai tupu, na ili kuiepuka aibu hiyo hukopa dukani.

Kwa ajili yao nimeona si vibaya leo tuitazame keki ya watu wengine, ambayo yaweza kupikwa bila ya yai hata moja na bila ya tone la maziwa. Ni keki ya matofaa yaliyopikwa yakapondwa, na kwao ni Marekani.

Asili yake ni ya mashambani. Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya nchi ile matofaa huvunwa kwa wingi kabla ya baridi kali kuingia, na yaliyochubuka hayawekeki. Basi hutiwa chunguni na maji kidogo, yakapikwa mpaka yakawa rojo, na rojo hilo likaliwa na nyama, likaliwa na mkate, na mwishowe likatiwa katika keki. Lakini sifa ya keki hii ilizidi wakati wa dhiki. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu vya Kwanza mwaka 1917, serikali yake iliunda idara ya chakula chini ya Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais, na wenye nyumba wakahimizwa kupunguza ngano, sukari na mafuta ili askari na nchi rafiki wapate. Katika Vita vya Pili sukari ikagawiwa kwa kipimo tangu mwaka 1942. Nyakati zote mbili mabibi wa kule walizigeukia keki za namna hii, kwa kuwa rojo la matofaa lina utamu wake na unyevu wake, na hushika kazi ambayo yai na siagi zingeifanya. Kwa hiyo asione mtu kwamba keki hii ni ya anasa kwa kuwa ni ya Kizungu. Ilijengewa jina na watu waliokuwa wakihesabu vijiko vya sukari.

Na viungo vyake je? Mdalasini, karafuu na kungumanga. Hapa ndipo nilipocheka. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulifungwa mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, akawasili Unguja mwaka 1837. Meli za Salem zilileta ile nguo ambayo wazee wetu waliiita merikani, zikarejea na pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Si ajabu basi kama bibi fulani wa Salem alitia karafuu ya Unguja katika chungu chake cha matofaa.

Ama kuhusu jina, tusikoseane. Tofaa la asili la hapa pwani, lile jekundu lenye nyama nyeupe laini na kokwa kubwa ndani, ni tunda jingine kabisa ingawa jina ni lile lile la Kiarabu. Hilo ni zuri kuliwa vivi hivi au na chumvi na pilipili, lakini lina maji mengi na halifai kazi hii. Tunalolisema hapa ni tofaa la kizungu, ambalo mti wake hutaka baridi na kwa hiyo haustawi pwani. Yanayouzwa sokoni Mombasa hutoka bara, ama huletwa na meli, hasa kutoka Afrika Kusini. Matofaa mazima ya kung'aa ni ghali, sikatai. Lakini kwa keki hutaki ya kung'aa. Yatake yale yaliyochubuka ambayo muuzaji huyatenga jioni, na mkipatana vizuri utayapata kwa bei ya chini.

Kabla ya kufika jikoni, liko jambo ambalo mpishi Mwislamu lazima aliangalie. Vitabu vya zamani vya Marekani mara nyingi hutaja mafuta ya nguruwe katika keki kama hizi, na wakati mwingine hayatajwi kwa jina lake bali huitwa tu mafuta ya kulainishia unga. Wengine huroweka zabibu katika pombe. Hayo yote yana badala yake: samli au siagi huchukua nafasi ya mafuta, na zabibu huroweka katika maji ya moto au chai kavu zikawa nono vile vile. Kadhalika ile vanila ya maji ya chupani: kwa sheria ya Marekani, inayouzwa kwa jina la vanila halisi haipungui asilimia 35 ya alkoholi. Hukumu ya kiasi kidogo kinachopikwa motoni si kazi ya ukurasa huu, waulizwe mashekhe. Lakini asiyetaka shaka ana njia rahisi, kwani jirani zetu wa Ngazija hulima vanila, na ganda lake kavu lililopasuliwa hutoa harufu kuliko hiyo ya chupa. Mimi natumia iliki, na sikuona upungufu.

Sasa upishi wenyewe. Menya matofaa 5 ya wastani, yakate, toa kokwa, tia maji robo kikombe, funika na yaache yaive kwa moto mdogo kama dakika 20. Yaponde mpaka yalainike. Unataka kikombe kimoja na nusu. Yaache yapoe kabisa, kwani ukiyatia ya moto samli huyeyuka na keki hutoka nzito.

Saga samli iliyoganda nusu kikombe na sukari kikombe kimoja, kisha tia rojo lako. Mchanganyiko utaonekana kama uliokatika, usishtuke. Chekecha pamoja unga wa ngano vikombe 2, soda ya keki kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko, mdalasini kijiko kimoja, karafuu nusu na kungumanga nusu. Changanya vyote, tia zabibu kikombe kimoja ukipenda, na usikoroge sana. Soda ile hukutana na ukali wa matofaa ikatoa hewa papo hapo, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki mahali pa mayai. Kwa hiyo moto uwe tayari kabla ya kuchanganya. Ukienda kupokea simu ukarudi, hewa imekwenda zake. Wala usitie magadi ya kupikia maharagwe ukidhani ni mamoja, utakula sabuni.

Mwenye oveni aioke kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 45 hadi 50. Lakini nyumba nyingi hazina oveni, na zenye nayo huogopa kumaliza gesi. Nami nilitaka kuona kama mgeni huyu atakubali kupaliwa. Mara ya kwanza nilimharibu. Niliweka makaa kama ya mkate wa mayai, na nusu saa baadaye juu palikuwa peusi na katikati mnatiririka. Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi barazani muda wote akinusa bila ya kusema kitu, alikuja akafunua, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mkate wa mayai ni mwepesi, moto huupenya mara moja, lakini huu una matunda ndani na ni mzito kama mtu aliyeshiba. Moto wake uwe wa makaa yaliyokwisha kufanya jivu, machache chini, na juu yazidi kidogo tu, tena yapangwe pembeni mwa kifuniko, si katikati. Chini ya sufuria akaniwekea sufuria nyingine kubwa yenye mchanga mkavu. Ndani ya mchanga huo joto hutulia.

Mara ya pili nilifuata neno kwa neno. Ilichukua saa nzima na dakika kumi, na kijiti kikatoka kikavu. Rangi yake ni ya hudhurungi, si ile ya manjano ya mkate wa mayai, na ndani ina unyevu. Siku hiyo hiyo ni nzuri. Ukiifungia katika mkebe mpaka kesho, viungo huingiana na huwa nzuri zaidi, jambo ambalo mkate wa mayai hauliwezi. Hukaa siku tatu au nne bila ya kukauka, kwa hiyo mwenye shughuli nyingi za mkesha wa Idd aweza kuipika mapema akapumua. Mgonjwa wa sukari asidanganyike lakini kwa kuwa ni ya matunda. Kikombe cha sukari kimo mle ndani.

Shangazi alikula kipande na kahawa chungu, kisha akaomba cha pili. Akasema ni keki nzuri, ila si mkate wa mayai, na nisije nikampa mtu nikamwambia ndio huo. Halafu akauliza kwa nini nihangaike na matunda ya bara wakati maembe ya Malindi yaliyo makali kidogo yanaanguka chini bure kila msimu. Msimu ukifika tutayajaribu.