Baridi ya Lushoto Si Jokofu

Juma hili tuzungumzie mashine ya umeme ya kukata na kusaga viungo. Mama wa Lushoto anayepika rojo ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwa nyanya, karoti na vitunguu vya milimani kwetu, hupunguziwa kazi kubwa.

Unaponunua, usidanganywe na rangi. Uliza kama kisu hakishiki kutu, bakuli linatosha na vipuri vinapatikana. Saga kidogo kidogo, uipumzishe, mota isije ikaungua. Chomoa waya kabla ya kugusa kisu.

Lakini hatari huja baadaye. Kilichosagwa huharibika upesi kuliko kilicho kizima. Wengi hufunika sufuria na kuiacha usiku kucha, wakitumaini baridi ya mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Haitoshi! Jokofu hutakiwa lisizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Jikoni mwetu, hata Julai, joto hupita hapo.

Gawa rojo katika vyombo vidogo, iingie jokofuni kabla hazijapita saa mbili tangu uipue. Huna jokofu, au umeme hukatika mara kwa mara? Basi saga ya leo tu. Kuokoa dakika kumi na kuuguza watoto, hiyo si akiba.