Mwenge wa Mkononi: Mafuta Unayoyanunua na Moto Unaoushika

Mwenge wa mkononi ni miongoni mwa vitu vichache vya moto vinavyotumika nchini bila kupita kiwandani. Taa ya chemli ina kioo na kizibo chake, jiko lina nembo ya aliyelitengeneza, mtungi wa gesi una lakiri. Mwenge hauna kimojawapo. Hutengenezwa uani kwa fimbo, kitambaa na mafuta ya taa, kwa ajili ya maandamano ya kidini, mahafali ya shule, mkesha wa skauti, au sherehe ya kijiji inayoigiza Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa kileleni mwa Kilimanjaro mwaka 1961. Kwa sababu hiyo hakuna wa kudaiwa dhamana, wala hakuna karatasi ya maelekezo ndani ya boksi. Bidhaa pekee inayonunuliwa ni mafuta, na ni katika mafuta hayo ndimo usalama wa mwenge huamuliwa, kabla hata kiberiti hakijatolewa mfukoni.

Ili jambo hili lieleweke, ni vyema tukaanza na moto wenyewe. Kinachoungua katika mwenge si mafuta yaliyo katika hali ya kimiminika, bali ni mvuke wake. Kila aina ya mafuta ina kiwango cha joto ambapo huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto endapo cheche itasogezwa karibu. Mafuta ya taa yanayokidhi viwango hayapaswi kufikia hali hiyo chini ya nyuzi joto 38 za sentigredi. Petroli hufikia hali hiyo katika baridi kali mno, takribani nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hapa kwetu, iwe Tanga au Makambako, iwe usiku au mchana, petroli iliyo wazi inatoa mvuke ulio tayari kuwaka wakati wote.

Hapo ndipo kazi ya utambi inapoonekana. Nyuzi za kitambaa huvuta mafuta kidogo kidogo, njiti ya kiberiti huyapasha joto yale machache yaliyo juu, mvuke hutoka, moto unashika. Kisha moto huo huendelea kupasha yanayofuata. Mwenge wa mafuta ya taa huwaka polepole kwa sababu mafuta yake hayana haraka ya kugeuka mvuke. Mwenge wenye petroli hauna subira hiyo. Mvuke huwa umekwisha kuenea kuuzunguka, umeshuka chini kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, umetambaa hadi kwenye miguu ya watu na kwenye dumu lililoachwa wazi, na njiti inapowashwa moto hauanzii kwenye kitambaa tu. Huanzia popote mvuke ulipofika.

Wananchi wa Morogoro hawahitaji kuelezwa jambo hili. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu, lori lililobeba petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto uliolipuka ukaua watu zaidi ya 100. Hapakuwa na mwenge pale. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu mvuke uliowazunguka watu wale ni mvuke uleule unaotoka katika kikombe kimoja cha petroli kilichomiminwa juu ya kitambaa. Tofauti ni wingi wake.

Tukirudi kwenye nyuzi 38: mtu aweza kudhani kiwango hicho kiko mbali. Hakiko mbali. Joto la mchana Dar es Salaam katika miezi ya kiangazi hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na dumu lililoachwa juani au kando ya jiko la mkaa huweza kuvuka 38 bila mwenye nyumba kutambua. Kwa hiyo hata mafuta ya taa halisi, yasiyo na doa, yanastahili kivuli na kizibo. Yakichanganyika na petroli, hata kwa kiasi kidogo, ile nafasi finyu ya usalama hutoweka kabisa, ingawa kwa macho yatabaki kuonekana kama mafuta ya taa.

Je, petroli huingiaje katika mafuta ya taa? Wasomaji wengi watakumbuka miaka ambayo uchakachuaji ulikuwa gumzo la nchi. Wakati huo mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, na wasio waaminifu waliyachanganya ndani ya dizeli ili kujipatia faida. Mwaka 2010 mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta ulianzishwa, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kufuta tofauti ile ya bei. Kenya nayo, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 za nchi hiyo kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilohilo. Hatua hizo zililenga mwizi mwenye hesabu. Hazikumlenga muuzaji wa kando ya barabara ambaye meza yake ina chupa za petroli kwa ajili ya bodaboda na chupa za mafuta ya taa kwa ajili ya vibatari, na faneli moja inayotumika kwa zote mbili. Huyu hana nia mbaya. Lakini faneli haijui nia, na chupa iliyokuwa na petroli asubuhi haisafiki kwa kumwagwa tu.

Ndiyo maana tunamshauri mtumiaji anunue mafuta ya taa katika kituo chenye pampu ya mafuta ya taa, achukue chombo chake mwenyewe ambacho hakijawahi kutiwa petroli, na adai risiti. Bei kikomo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo mnunuzi anaweza kujua kabla ya kutoka nyumbani kama anachotozwa ni halali. Ikibidi kununua kwa kupima dukani, atazame faneli na kipimo, na aulize kuna nini kingine kinachouzwa pale. Swali hilo si utovu wa adabu.

Wapo wanaofundishana kupima mafuta kwa kudondosha njiti inayowaka ndani ya kikombe: ikizimika ni ya taa, isipozimika yana petroli. Ni kweli kwamba matokeo hutofautiana, na hapo ndipo lilipo tatizo, kwa maana yule anayepata jibu la pili hulipata usoni. Jaribio hilo lisifanywe. Harufu kali ya petroli, au kibatari kinachorusha mwali na kutoa mlio kama wa kupasuka, ni dalili tosha ya kuacha kuyatumia. Hata hivyo, kukosekana kwa dalili hizo si uthibitisho kwamba mafuta ni salama, na uthibitisho kamili hutoka maabara.

Sasa mwenge wenyewe. Hatupendekezi kwamba kila sherehe iwe na moto wa wazi, na kwa watoto wa shule ya msingi tungependa taa za sola zilizofunikwa karatasi ya rangi, ambazo gizani hupendeza kuliko watu wanavyodhani. Lakini tunajua kwamba mienge itaendelea kutengenezwa, na ni heri itengenezwe ipasavyo.

Fimbo iwe ya mti mgumu, mnene kiasi cha kushikika vizuri, na urefu usiopungua sentimita 60 kutoka mkono hadi kitambaa. Mianzi mikavu na mabua hufaa kwa kuwashia jiko, si kwa mpini. Chini kidogo ya mahali patakapofungwa kitambaa, pitisha kopo la bati lililotobolewa katikati ya kitako ili likae kama kikombe kuizunguka fimbo. Kazi yake ni kudaka matone. Matone ndiyo yanayounguza mikono ya wengi, maana mwenge huinuliwa juu na mafuta hufuata fimbo kurudi kwa aliyeushika.

Kitambaa kinahitaji uangalifu kuliko fimbo. Lazima kiwe cha pamba tupu. Vitambaa vya poliesta na nailoni haviungui kama pamba. Huyeyuka na kudondoka vikiwa vinawaka, na tone lake hung'ang'ania ngozi. Lebo za madukani hazitoshi kumhakikishia mtu, kwa kuwa siku hizi hata baadhi ya kanga na vitenge vina nyuzi za viwandani. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo na kuuchoma mbali na mafuta. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini yanayosagika kati ya vidole. Ukibaki na kipunje kigumu cheusi, kitambaa hicho kitafutiwe kazi nyingine. Kilichofaulu kikatwe vipande vyembamba, kizungushwe kwa kukazwa hadi kifikie unene wa ngumi, kisha kifungwe kwa waya wa kufungia nondo. Kamba ya katani au ya plastiki isitumike, kwani itaungua kwanza na kichwa cha mwenge kitaanguka kikiwa kinawaka.

Utiaji wa mafuta ufanyike nje, mapema, pasipo moto wala sigara karibu. Zamisha kichwa katika kopo lenye mafuta ya taa, ukitoe, ukiache kining'inie juu ya kopo hadi kisidondoshe tena hata tone moja. Hili ndilo jambo linalorukwa na wenye haraka. Kitambaa kilicholoa kupita kiasi hakiwaki kwa muda mrefu zaidi kama inavyosadikiwa, hudondosha tu. Baada ya hapo dumu lifungwe na kupelekwa mbali, na yeyote aliyemwagikiwa nguo abadilishe kabla ya kusogelea kiberiti.

Ipo njia nyingine tunayoiona bora, nayo ni nta ya mishumaa. Vipande vya mishumaa huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, na kitambaa huzamishwa humo kisha huachwa kipoe na kukauka. Mwenge huo huchelewa kidogo kuwaka, ila hauhitaji kubeba kimiminika kwenda nao kwenye sherehe, na mtu akiuangusha mafuta hayamwagiki. Hata huu uwe na kopo la kudaka matone, kwa sababu nta iliyoyeyuka huunguza.

Mwenge uwashwe mahali pa wazi, mbali na nyumba za makuti na nyasi kavu, ukishikwa na mtu mzima aliyefunga nywele na asiyevaa ushungi au shuka linalopepea. Upepo uwe mgongoni kwake. Ndoo ya mchanga iwe karibu kabla ya kuwasha, si baada. Ukififia usiongezewe mafuta; uzimwe, upoe, na mwingine uwashwe. Kumimina mafuta juu ya kitambaa chenye moto, hata moto usioonekana, ni kuualika mwali upande hadi kwenye chombo kilicho mkononi. Kuzima ni kufunika kichwa kwa kopo kubwa au kukichomeka kwenye mchanga, kuupungapunga huurutubisha.

Nguo ikishika moto, mhusika asikimbie. Alale chini na kuviringika huku wengine wakimfunika kwa blanketi zito. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi wakati wa safari ya kwenda hospitali. Dawa ya meno, ute wa yai, majivu na mafuta ya kupikia havina nafasi katika kazi hiyo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo.

Mafuta yanayobaki ndiyo yanayosahauliwa kwa urahisi zaidi. Sherehe imekwisha, watu wamechoka, na nusu lita ya mafuta ya taa imeachwa jikoni katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hatofautishi. Akinywa, asitapishwe wala asipewe maziwa kwa lengo la kumtapisha, kwa sababu madhara makubwa hutokea mafuta yanapoingia mapafuni, na kutapika huyapitisha njia hiyo. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima, pamoja na chupa aliyonywea. Chombo cha mafuta kiwe cha aina isiyofanana na vya kinywaji, kiandikwe kwa herufi kubwa, na kiwekwe juu, penye kufuli.

Anayeshuku kwamba mafuta aliyouziwa yamechanganywa asiyamwage chooni wala shimoni. Ayafunge katika chombo kilekile alichonunulia, ayaweke nje ya nyumba mahali pa kivuli, aandike tarehe na mahali alipoyanunua, kisha ampe muuzaji taarifa. Asiporidhika na jibu, awasilishe malalamiko katika ofisi yetu ya kanda iliyo karibu naye akiwa na risiti. Mafuta yenyewe asiyabebe ndani ya daladala. Maofisa wetu watapanga namna ya kuchukua sampuli.