Hadithi ya Upelelezi Hutaka Mwenyeji

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo ndiyo siri ya hadithi nzuri ya upelelezi. Uovu haufichuliwi kwa bastola, bali kwa kujua nani hamwamkii nani, na mlango upi haukufungwa kama ilivyo desturi.

Sisi wa pwani tumeionja ladha hiyo zamani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri. Mwaka 1960 kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa, na Bwana Msa akaingia majumbani mwetu na kiko chake mdomoni. Kiko kile chamkumbusha msomaji Sherlock Holmes wa London. Lakini mizimu, urithi na siri za nasaba ni za Unguja.

Ujerumani nako wako waandishi wa namna hiyo, kila mmoja na jimbo lake. Michael Kobr alikuwa mwalimu wa Kijerumani na Kifaransa. Yeye na rafiki yake Volker Klüpfel, mwandishi wa habari, wazaliwa wa Kempten kusini mwa nchi, walitoa Milchgeld mwaka 2003. Mpelelezi wao, Kluftinger, si shujaa wa sinema: hupiga ngoma katika bendi ya kijijini, na kila Jumatatu hutaka chakula kile kile cha unga na jibini. Kesi yake ya kwanza ni ya kuuawa mtaalamu wa kiwanda cha maziwa. Maziwa ndiyo riziki ya watu wale. Mwenye kuyachezea amekichezea kijiji kizima.

Sasa tutazame Kangundo, huko Machakos, nchi ya vilima na mashamba ya matuta. Kwa miaka mingi wakulima wake wamebeba kahawa mbivu hadi viwanda vya ushirika, ikapimwa, ikaandikwa daftarini, nao wakangoja malipo. Mizani, daftari na malipo: mtunzi ataka nini zaidi? Wala kalamu si ngeni Ukambani. John Ndeti Somba alitoa riwaya ya Kiswahili, Kuishi Kwingi ni Kuona Mengi, mwaka 1968, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha historia ya Wilaya ya Machakos.

Nani basi aandike ya Kangundo? Mwalimu wa shule yuafaa. Yeye ndiye amwonaye mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali baba yake ameuza kahawa.

Lakini kazi hiyo ina mtihani wake. Kesho mwalimu atakutana sokoni na mtu ajionaye kitabuni. Kutangaza aibu ya jirani ni kusengenya, na kuinyamazia dhuluma ni kuilea. Hadithi hupita katikati: humwacha mtu na sitara yake, ikaitaja dhuluma kwa jina lake. Mwenyeji asipoiandika, ataiandika mgeni. Naye ataeleza uzuri wa vilima, asiione mizani.